WCF, NSSF, CHF na kikoba: kipi kinamfaa kibarua wa Tanga, na kila kimoja kinakwama wapi

Kibarua wa Tanga, awe anakata mkonge Hale, anachoma chokaa Amboni, anapakia mifuko ya saruji Pongwe au analinda duka Ngamiani, ana huduma nne za kushika yakimfika ya kumfika: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), bima ya afya ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa, na kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha mtaani kwake. Mbili za kwanza zinapitia kwa mwajiri, mbili za mwisho zinapitia kwa jamii. Hapa tunazipima kwa swali moja: mtu akiugua, akiumia au akisimamishwa kazi, msaada unamfikia kweli, na ni karatasi gani ikikosekana kila kitu kinasimama? Huduma hizi mara nyingi hazikwami kwenye sheria, zinakwama kwenye daftari la karani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni mkono wa mtu, mapafu yake na uzee wake.

Tuanze na WCF, kwa sababu ndiyo bora kuliko zote nne na ndiyo ambayo vibarua wengi hawajui kama ni yao. Mfanyakazi haichangii hata senti. Mwajiri wa sekta binafsi ndiye anayelipa, asilimia 0.5 ya mishahara ya wafanyakazi wake kila mwezi. Michango ilianza mwaka 2015 kwa asilimia 1, ikashuka hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Kwa mtu anayelipwa 200,000 hiyo ni shilingi 1,000 tu kwa mwezi. Ukiona kwenye slipu yako mstari wa makato ya WCF, hayo hayapaswi kuwepo; dai yarudishwe. Mfuko hauchagui mtu: wa mkataba wa kudumu, wa msimu na deiwaka wote wamo, tangu siku ya kwanza kazini.

Anachopata aliyeumia ni kikubwa kuliko "pole" yoyote ya mwajiri. Matibabu yanalipwa. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, analipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Kwa yule wa 200,000 ni 140,000 kila mwezi. Akibaki na ulemavu wa kudumu kuna fidia yake kulingana na kiwango cha ulemavu, na anayehitaji mtu wa kumhudumia kila siku analipiwa msaidizi. Akifariki, kuna msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi. Hakuna kikoba duniani kinachoweza kubeba mzigo huo.

Kazi ya mkonge ina ajali zake, na kila moja ina namna yake ya kuandikwa. Mkataji huchomwa na mwiba wa ncha ya jani. Ukiingia jichoni, hilo si jambo la kuosha kwa maji ya dumu na kuendelea na kazi. Kwenye korona, mashine inayoponda majani na kukwangua nyama yake mpaka ibaki singa, hatari kubwa ni mkono wa mlishaji, hasa anapochomoa majani yaliyokwama kabla mashine haijazimwa. Maji yanayotoka humo yanawasha ngozi mpaka inatoka vidonda. Na kuna chumba cha brashi, ambako singa kavu huchanwa kabla ya kufungwa marobota. Hapo adui ni vumbi, na kanga au kitambaa ulichojifunga puani hakizuii vumbi laini. Inatakiwa barakoa ya kichujio, inayobadilishwa ikishachafuka, na madirisha au feni ya kutoa hewa.

Vumbi hilo tulikazie, maana ndilo linalopotea kirahisi zaidi kwenye karatasi. Mtu wa brashi anakohoa, kifua kinambana, na hali inakuwa mbaya zaidi siku ya kwanza baada ya mapumziko, kisha inapungua kadiri wiki inavyokwenda. Akifika zahanati atapimwa TB, na ni vizuri apimwe, kwa kuwa vipimo na dawa za TB ni bure. Tatizo ni pale majibu yanapoonyesha hana TB: anapewa dawa ya kikohozi na safari inaishia hapo. Mwambie mganga wazi kwamba unafanya kazi brashi, umefanya miaka mingapi, na siku gani kifua kinabana zaidi, na uombe yaandikwe kwenye faili. Ugonjwa utokanao na kazi unalipwa na WCF kama ajali inavyolipwa, lakini faili lisilotaja kazi yako halitakusaidia miaka mitatu baadaye.

Utaratibu wa ajali unahitaji uharaka. Mjulishe msimamizi siku ileile, mbele ya mtu mwingine anayeweza kusema "nilikuwepo", na hakikisha jina lako limo kwenye daftari la mahudhurio la siku hiyo. Hospitali, iwe zahanati ya shamba au Bombo, hospitali ya mkoa, sema umeumia kazini na utaje jina la mwajiri. Daktari aandike hivyo kwenye ripoti ya kwanza. Tunza kila risiti, hata ya nauli. Mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa kwa Mfuko, kwa hiyo usikae wiki nzima ukimngoja: siku ya tatu mtume mtu, au nenda mwenyewe kama unaweza, muulize mhasibu kama fomu ya taarifa ya ajali imeshatumwa, na umwombe nakala. Dai lenyewe lina ukomo wa miezi 12. Faili kamili huwa na taarifa ya mwajiri, ripoti ya daktari, karatasi ya mahudhurio ya siku ya ajali, mkataba, slipu ya mshahara na kitambulisho cha NIDA. Kama ni ajali ya barabarani, na ripoti ya polisi.

Sasa inakwama wapi? Kwanza, kazi kwa jina la mwenzako. Mtu hajafika, nduguye anaingia mahali pake ili siku isipotee, na nyapara anaweka alama kwenye jina la yule asiyekuwepo. Siku hiyo ajali ikitokea, aliyeumia hayumo kwenye daftari na aliyemo hajaumia. Pili, majina kutofanana: NIDA inasema Mwanaidi, daftari linasema Mwana Iddi, hospitali imeandika Idi. Kila herufi inaongeza wiki za kusubiri, kwa hiyo peleka kitambulisho siku ya kuandikishwa na usimame hapo mpaka karani amalize kuandika. Tatu, mshahara ulioandikwa pungufu. Mwajiri anayelipa 200,000 mkononi lakini karatasi inasema 120,000 anakupunguzia fidia pia, maana asilimia 70 inakokotolewa kwenye karatasi.

La nne ni baya kuliko hayo. Mwajiri analipa bili ya hospitali, anatoa pesa kidogo ya pole, kisha anamletea majeruhi karatasi ya kutia dole gumba kwamba "tumemalizana". Usitie dole kwenye kitu hujasomewa na mtu unayemwamini. Kulipiwa bili ni wema, na shukuru, lakini fidia ni haki nyingine kabisa. Hata mwajiri ambaye hajasajiliwa au hajachangia hamnyimi mfanyakazi haki yake. Yeye ndiye anayedaiwa na Mfuko.

Kuna pia vibarua wanaoletwa na wakala. Hapo swali la siku ya kwanza ni moja tu: mwajiri wangu ni nani, shamba au wakala? Jibu lisiwe la mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na karatasi hiyo moja ndiyo inayofungua milango ya WCF na NSSF kwa pamoja.

NSSF ni nzuri kwa anayekaa muda mrefu kazini, na ngumu kwa mtu wa msimu. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe usikatwe zaidi ya 10. Kwa 200,000 unatoa 20,000 na mwajiri anaongeza 20,000. Ili upate pensheni ya uzee unahitaji michango ya miezi 180. Kwa anayefanya kazi mwaka mzima hiyo ni miaka 15. Mkataji anayeitwa miezi 6 kwa mwaka atahitaji miaka 30 kuifikisha, na mwili wa mkataji haudumu hivyo. Hata hivyo miezi haifutiki ukikaa nje. Inahesabiwa kwa kujumlishwa, mradi yote iko kwenye namba moja. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua: kila mwajiri mpya anamfungulia namba mpya, mwisho wa siku mtu ana namba tatu zenye michango michache kila moja. Namba ya uanachama ni moja maisha yote. Ukigundua una zaidi ya moja, nenda ofisi ya NSSF na NIDA yako na slipu za zamani ziunganishwe mapema, usingoje ufike miaka 60.

Mafao ya karibu ndiyo yanayotufanya tuipe NSSF alama nzuri hata hivyo. Mama mwenye michango ya miezi 36, kati yake 12 ikiwa ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua, anapata fao la uzazi la wiki 12. Aliyeachishwa kazi akiwa na michango isiyopungua miezi 18 anaweza kulipwa fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa yule wa 200,000 ni kama 66,600 kwa mwezi. Aliyeacha kazi mwenyewe halipati, kwa hiyo usiandike barua ya kujiuzulu kwa sababu tu umeambiwa "andika ili mambo yawe mepesi". Hiyo barua ina thamani ya miezi 6 ya unga.

Kasoro kubwa ni mwajiri anayekata na asipeleke. Slipu inaonyesha makato, mfuko hauonyeshi kitu. Dawa yake ni kuomba taarifa ya michango kila baada ya miezi mitatu na kuilinganisha na slipu, mwezi kwa mwezi. Ukikuta pengo, nendeni watu watano kwa pamoja na slipu zenu, kwani pengo la mtu mmoja huitwa kosa la uandishi.

Kuhusu likizo ya ugonjwa hatuna mengi ya kusema, ila watu waijue. Kwa mzunguko wa miezi 36 sheria inatoa siku 126: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Kibarua anayeitwa mara kadhaa na mwajiri yuleyule ndani ya mwaka, jumla ikizidi miezi sita, naye ana haki ya likizo yenye malipo. Waajiri wengi wadogo hawalijui hilo, na makarani wao wanahesabu kila mwito kama ajira mpya.

CHF iliyoboreshwa ndiyo bima ambayo familia ya kibarua imeweza kuimudu: kiwango chake kilichozoeleka kimekuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, yaani 5,000 kwa kila kichwa. Inaanzia zahanati, inapanda kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na kwa rufaa inafika hospitali ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaleta mpangilio mpya wa vifurushi na viwango, kwa hiyo kabla ya kulipa au kuhuisha, uliza ofisi ya mtaa au ya kijiji kiwango kinachotumika mwaka huu. Uandikishaji hufanyika mtaani kwa simu ya mwandikishaji: majina na picha za wote. Kosa la kawaida ni kumwacha mtoto mchanga au bibi kwa sababu hakuwepo siku ya picha.

Udhaifu wake unajulikana. Dawa ikikosekana dirishani, unanunua nje kwa pesa yako. Na ukiruka ngazi, ukatoka Pongwe moja kwa moja mpaka Bombo bila karatasi ya rufaa kwa ugonjwa usio wa dharura, utalipa kama asiye na bima. Watoto chini ya miaka mitano na wajawazito wana huduma zao za bure kwa sera, bima iwepo isiwepo. Usitozwe kwa kutojua.

Kinachotuvutia zaidi kwenye CHF ni jinsi inavyoweza kufungwa kwenye huduma nyingine. Kwa ada hiyo ya 30,000, mwajiri wa watu 60 akilipa nusu, 15,000 kwa kila kaya, anatumia 900,000 kwa mwaka. Nusu nyingine inakatwa 1,250 kwa mwezi kwa idhini ya maandishi ya mfanyakazi. Mwajiri anayelalamikia utoro wa wiki za malaria afanye hesabu hiyo kwanza. Na pasipo mwajiri wa namna hiyo, kikoba kinaweza: shilingi 600 kwa wiki kwa kila mwanachama ni 31,200 kwa mwaka, inatosha ada ya kaya na chenji inabaki.

Hivyo tumefika kwenye kikoba, na hapa tuna mengi. Ndicho pekee kati ya vinne kinachoweza kumpa mtu pesa siku ileile, bila fomu. Muundo unaofanya kazi ni ule wa zamani: watu 15 hadi 30 wanaojuana, kukutana kila wiki, hisa yenye bei moja, kila mtu kununua hisa moja hadi tano, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti ambao si wa nyumba moja, wala si mweka hazina. Hisa ya 2,000, mtu akinunua tatu kila wiki, inafika 312,000 kwa mwaka kabla ya faida. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu, na mikopo yote irudi mwezi mmoja kabla ya kuvunja, yaani kabla ya kugawana akiba mwisho wa mzunguko.

Mfuko wa jamii uwe na sanduku lake au angalau mfuko wake ndani ya sanduku, na usikopeshwe. Watu 25 wakitoa 500 kwa wiki, ni 650,000 kwa mwaka. Andikeni kwenye katiba, kwa tarakimu, nani anapata kiasi gani: aliyelazwa, aliyefiwa na mzazi, mume, mke au mtoto, aliyejifungua. Palipoandikwa "kadiri ya hali", panaanza manung'uniko, kisha watu wanaacha kuchangia.

Kikoba kinakufa kwa sababu zilezile kila mahali. Kinakopesha mtu wa nje kwa sababu ni jamaa wa mwenyekiti. Mweka hazina anabaki na daftari nyumbani na hakuna nakala. Mikopo mikubwa inatolewa mwezi wa kumi na moja. Na kwa vibarua kuna sababu yao maalumu: kikao ni cha kila wiki lakini mshahara ni wa mwezi, kwa hiyo wiki ya tatu watu wanakopa nje ili walipe hisa. Suluhisho ni jepesi. Wekeni wiki moja ya hisa nyingi mara tu baada ya malipo, na wiki nyingine tatu iwe hisa moja tu. Kikundi kisichotaka kushika pesa taslimu kinaweza kutumia M-Koba ya Vodacom, ambayo kutoa pesa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja; uangalieni makato yake kwanza na muyaweke kwenye bajeti. Vyovyote iwavyo, sajilini kikundi halmashauri. Usajili ndio unaofungua pia mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Adui wa vyote hivi ni kausha damu, mikopo ya mitaani yenye riba kubwa na marejesho ya harakaharaka. Tuseme umekopa 100,000 na unalipa 4,500 kila siku kwa siku 30: umerudisha 135,000. Mkopeshaji mwenye leseni anabanwa na ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi uliowekwa na Benki Kuu, yaani 3,500 kwa mkopo huohuo wa mwezi mmoja. Mwombe leseni kabla hujampa kadi yako ya benki, na kadi yenyewe usimpe kabisa. Anayeishika ndiye anayepokea mshahara wako. Mwajiri naye anaweza kuua biashara hiyo kwa urahisi: advansi isiyo na riba katikati ya mwezi, isiyozidi robo ya mshahara, inayoandikwa na kutiwa saini. Haimgharimu kitu zaidi ya saa mbili za mhasibu.

Kwa alama, basi. WCF tunaipa tisa kwa kumi, moja imepotea kwa sababu taarifa yote inaanzia kwa mwajiri. Kikoba chenye sanduku la kufuli tatu, nane. Kisicho na katiba, tatu. CHF saba. NSSF saba kwa mtu wa kudumu na tano kwa mtu wa msimu.

Mwajiri akigoma, njia ni tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo (mashambani ni TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo; viwandani ni TUICO, cha wafanyakazi wa viwanda na biashara), kisha afisa kazi wa mkoa, kisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kule Tume siku zinahesabiwa: kuachishwa kazi uwe umefungua ndani ya siku 30, migogoro mingine, ikiwemo mshahara na makato, ndani ya siku 60. Fomu ni namba moja, na nakala moja mpelekee mwajiri na upate uthibitisho kwamba ameipokea kabla hujairudisha Tume.